Shaka ya Wiki Ijayo na Shaka ya Mwaka 2100

Kuna hoja inayorudiwa mara kwa mara: ikiwa wataalamu hukosea mvua ya wiki ijayo, watajuaje joto la mwaka 2100? Inasikika kuwa na mantiki, ila inachanganya maswali mawili ambayo ugumu wake hautoki mahali pamoja.

Utabiri wa hali ya hewa hukwamishwa na mwanzo wake. Mwaka 1961, nchini Marekani, mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz alitaka kurudia sehemu ya hesabu aliyokwisha kuifanya kwa kompyuta, akaingiza 0.506 badala ya 0.506127 iliyohifadhiwa ndani ya mashine. Matokeo mapya yalifuatana na yale ya kwanza kwa muda, kisha yakaachana nayo kabisa. Kwa kuwa hakuna awezaye kupima anga lote bila kosa hata dogo, utabiri wa siku mahususi hupoteza maana baada ya takribani wiki mbili. Ndiyo maana vituo vikubwa huendesha hesabu ileile mara nyingi, kila mara kwa mwanzo uliobadilishwa kidogo: 35 kati ya 50 zikionyesha mvua, uwezekano wake ni takribani asilimia 70. Anayedai kwamba utabiri huo ni wa uongo kwa sababu tu hakulowa, hakuusoma.

Tabianchi ni wastani wa miaka mingi, na hutegemea zaidi nishati inayoingia na kutoka duniani kuliko hali ya anga ya leo. Shaka yake iko kwingine. Mwaka 1979 kamati ya wanasayansi iliyoongozwa na mtaalamu wa hali ya hewa Jule Charney ilikadiria kwamba hewa ukaa ikiongezeka maradufu, joto la dunia litapanda kwa nyuzi 1.5 hadi 4.5 za Selsiasi. Ripoti ya mwaka 2021 ya IPCC, jopo la kimataifa linalotathmini sayansi ya tabianchi, ilitaja 2.5 hadi 4 kuwa ndiyo makadirio yanayoelekea zaidi kuwa sahihi. Miaka 42 kwa hatua hiyo tu! Kikwazo kikubwa ni mawingu, ambayo huurudisha mwanga wa jua na papo hapo huzuia joto lisitoke, na mengi ni madogo kuliko vipande ambamo kompyuta huigawa dunia, hivyo athari yake hukadiriwa kijumla. Tena, hakuna hesabu ya fizikia itakayotuambia binadamu wataamua kuchoma mafuta na makaa kiasi gani.

Binafsi sioni kwa nini shaka hiyo imfariji mtu. Katika miaka hiyo 42, nusu nyuzi imeondolewa upande wa juu wa makadirio, na nyuzi nzima upande wa chini, ule wa nafuu.