Nani atamlinda muuguzi anayekataa kufungua seromu?

Kila semina ya afya inayofanyika hapa Goma ina lawama yake moja: wauguzi hawasomi. Wanaletewa matokeo ya utafiti, wanapiga makofi, wanasaini orodha ya mahudhurio na kupokea nauli, kisha Jumatatu wanarudi kutibu vilevile walivyofundishwa shuleni miaka kumi na tano iliyopita. Wapo pia wanaoona kwamba utafiti haumhusu muuguzi hata kidogo: afuate ordinogramu, ile chati ya hatua za matibabu iliyobandikwa ukutani, mengine awaachie madaktari.

Madaktari gani? Katika vituo vingi vya afya vya Kivu, anayepokea wagonjwa, anayepima, anayeandika dawa na kuamua nani apelekwe hospitali kuu ni muuguzi mkuu wa kituo, yule tunayemwita IT. Wagonjwa wenyewe humwita docta, naye ameacha kuwasahihisha. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba ushahidi wa tiba haumhusu ni kama kumwambia dereva kwamba hali ya barabara ni shauri la wizara.

Lakini kumhimiza atumie utafiti kuna gharama ambayo semina haziitaji, na hapo ndipo ninapoona watu hawamwelewi muuguzi.

Chukua utafiti mmoja, uitwao FEAST, uliochapishwa mwaka 2011. Ulifanyika katika hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania, hospitali zinazofanana na zetu, zisizo na mashine za kupumulia. Watoto 3,141 waliofika na homa kali, damu ikizunguka vibaya, viganja na nyayo baridi, waligawanywa katika makundi matatu. Mawili yalipewa majimaji mengi kwa kasi kupitia mshipa, yaani seromu, kama vitabu vilivyoagiza. La tatu halikupewa majimaji ya kasi. Lilipata matunzo mengine yote, pamoja na majimaji ya polepole ya kumtosha mtoto kwa siku. Ndani ya saa 48, katika makundi mawili ya kwanza walikufa watoto 10.6 na 10.5 kwa kila 100. Katika lile la tatu walikufa 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake.

Tofauti hiyo ni zaidi kidogo ya watoto watatu kwa mia, na nimeifikiria mara nyingi. Kituo kinachopokea watoto kumi wa hali hiyo kwa mwezi kitahitaji miezi kumi kufikisha mia. Mwishoni kutakuwa na makaburi matatu ya ziada, na kila moja litakuwa na maelezo yake: huyu aliletwa amechelewa, huyu alipitia kwanza kwa mganga wa kienyeji, huyu damu ya kumwongezea ilikosekana. Hakuna muuguzi, hata mwenye miaka thelathini kazini, atakayekaa jioni moja aone kwamba chupa aliyoifungua ikakimbia ndiyo iliyowaongeza. Kibaya zaidi, watoto waliopewa majimaji ya kasi walionekana kupata nafuu zaidi ndani ya saa ya kwanza. Viganja vilipata joto, mama akapumua. Baadaye wakafa wengi zaidi. Macho ya mtu mzoefu yangeapa kwamba tiba inafanya kazi.

Sasa weka jambo hilo ndani ya mji wetu. Hapa seromu ndiyo alama ya kutibiwa. Mgonjwa akirudi nyumbani bila kuwekewa seromu, jirani atauliza alienda hospitali kufanya nini. Saa nane za usiku mama ameingia na mtoto anayewaka homa, shemeji yuko mlangoni na maneno makali, umeme umekatika, muuguzi yuko peke yake kwenye zamu. Utafiti unamwambia: usifungue chupa ikakimbia. Mtoto akipona, hakuna atakayejua ni kwa nini. Akifa, ukoo mzima utasema muganga alimnyima seromu. Kaye ya kituo, lile daftari la wagonjwa, haitamtetea, na daktari wa zoni ya afya, anayesimamia vituo vya eneo hilo, hakuwepo.

Linganisha na artesunate, dawa ya sindano ya malaria kali. Mwaka 2010 utafiti wa AQUAMAT, uliopima watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, na Kongo ikiwemo, ulionyesha vifo vya 8.5 kwa mia kwa artesunate dhidi ya 10.9 kwa kinini katika malaria kali. Pengo hilo ni dogo kuliko lile la FEAST. Lakini artesunate inapendwa na kila muuguzi ninayemjua, tena kwa sababu iliyo wazi: sindano tatu katika saa 24 za kwanza, kisha moja kwa siku, badala ya kukesha ukihesabu matone ya kinini kwa saa nne na kuogopa sukari ya mtoto isishuke. Utafiti ulikuja na kitu mkononi, ukapunguza kazi. Ule mwingine ulikuja kuondoa kitu machoni pa familia. Tunaposema wauguzi wanakataa utafiti, tuseme basi ni utafiti upi.

Wanaotetea ordinogramu wana hoja yenye uzito, na Goma inaijua kuliko miji mingi. Julai 1994 kipindupindu kilipoingia kwa wakimbizi, watu walikufa kwa maelfu, na kilichowaokoa walioponea kilikuwa maji: ya kunywa yenye chumvi na sukari, au seromu ya Ringer kwenye mshipa, mengi na haraka. FEAST haikuwahusisha watoto wa kuhara. Muuguzi atakayesoma muhtasari wake nusu, kisha akabana seromu kwa mtoto mwenye kipindupindu, atamuua kwa jina la sayansi. Au tazama klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu inayopakwa kitovuni: Nepal ilipunguza vifo vya watoto wachanga, lakini Zambia na Pemba majaribio makubwa hayakuonyesha faida hiyo. Utafiti mmoja uliosomwa na mtu mmoja kwenye simu, kwa Kiingereza wakati yeye alisomea kwa Kifaransa, ni msingi mwembamba. Hilo nalikubali bila kinyongo.

Ila ordinogramu nayo huandikwa na watu, na watu huchelewa. Mwongozo wa watoto wa OMS, Shirika la Afya Duniani, wa mwaka 2013, miaka miwili baada ya FEAST, bado uliagiza majimaji ya kasi kwa mtoto mwenye mshtuko wa damu. Marekebisho yalikuja 2016. Katika miaka hiyo, muuguzi mtiifu kabisa alikuwa akikosea kwa ruhusa.

Tena, hii habari kwamba utafiti ni kitu kigeni kwa wauguzi wa Kivu inanishangaza. Kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019, Beni, Butembo, Katwa na Mangina zilijaribu dawa nne za Ebola kwa wagonjwa 681, chini ya Profesa Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kongo, na wenzake. Dawa mbili zilishusha vifo kutoka karibu nusu ya wagonjwa hadi karibu theluthi. Kitandani kulikuwa na wauguzi wa hapa, ndani ya mavazi ya plastiki na joto lile, wakitoa dawa na kuandika kila kitu, katika mwaka ambao vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Walitosha kuzalisha ushahidi ambao dunia inautumia. Leo wanaambiwa hawana utamaduni wa kusoma.

Ningekuwa na bajeti ya semina moja, nisingewaita wauguzi. Ningewaita madaktari wa zoni na wasimamizi wao, niwaulize jambo moja: IT akifuata ushahidi mliokubaliana naye na mtoto akafa, nani atasimama mbele ya familia asubuhi? Kisha iandikwe kwenye karatasi, kwa Kiswahili cha wazazi, kwa nini mtoto wa homa hafunguliwi seromu ya kasi na kwa nini wa kuhara anafunguliwa, ibandikwe pale wanaposubiri. Nimeingia vituo vingi mjini hapa. Tangazo la bei ya fishi, ile kadi ya mgonjwa, nimelikuta na mhuri na saini tatu. Karatasi hiyo bado sijaiona.