Mguu Uliovunjika ni wa Cherehani

Mguu uliovunjika ni wa cherehani. Naanza na hilo kwa sababu tangu juzi usiku simu yangu haijapumzika, na jana alfajiri baba mdogo kapiga kutoka Kyela anauliza mama kalazwa wodi gani. Mama hajalazwa. Mama mkwe wangu yuko hapa Uyole, mzima wa afya, anakunywa chai ya tangawizi na kunitazama kwa jicho ambalo sitalieleza. Aliyeandika kwenye grupu la ukoo "cherehani la wifi limemshona mama, mguu umevunjika" ni wifi yangu. Akabandika na video, akazima data, akalala.

Sasa nyie mnaonifuata kwa mambo ya ushonaji, ambao mwaka mzima nimewasumbua na "kabla hujanunua cherehani niulize mimi", kaeni hapo. Nisikieni mwenyewe kabla wifi hajawafikia. Na wewe unayecheka sasa hivi, bado hata hatujafika.

Mnajua nina ile nyeusi ya kukanyaga. Imenilipia ada za watoto kwa sare za shule, siisemi vibaya hata siku moja. Kwa mablanketi ya viraka inafaa vizuri tu: inashona mshono mmoja ulionyooka, tundu la kupitisha sindano ni dogo kwa hiyo kitambaa hakizami chini, na umeme ukikatika wewe unaendelea kukanyaga huku jirani anatafuta mshumaa. Shida ni uwazi, yaani pale kati ya sindano na nguzo ya kulia. Blanketi la kitanda cha 5 kwa 6 mimi nalitoa sentimita 180 kwa 216. Kushona matabaka kunaanzia katikati kwenda nje, la sivyo kitenge cha juu kinajikusanya na kufanya mabonde. Ukianzia katikati maana yake nusu nzima, sentimita 90 za kitenge, blanketi jepesi la ndani na shuka la chini, unaikunja ikae kwenye uwazi huo. Cherehani nyingi za nyumbani zina sentimita 16 hadi 18 hapo. Mkunjo wenyewe unene wa paja. Unasukuma kama unamrudisha ng'ombe zizini.

Ndiyo nikasema mwaka huu, kabla baridi ya Julai haijatumaliza, natafuta cherehani ya umeme yenye uwazi mpana.

Nikaenda Mwanjelwa kama mkaguzi. Nilikuwa na rula, sindano mpya namba 90, uzi wangu mwenyewe, na vile vipande vyangu vya majaribio: kitenge, blanketi, shuka, sentimita 15 kila upande, vimebanwa pini. (Hili fanyeni kweli. Muuzaji atawajaribishia kwenye kipande cha pamba laini kimoja, na hapo hata cherehani mbovu inaimba. Mpe matabaka matatu uone.) Nikakagua nne. Ya kwanza kiguu chake cha kukandamizia hakinyanyuki vya kutosha, matabaka yanaingia kwa kusukumizwa. Ya pili ilikuwa ndogo ya plastiki, ile nyepesi ya kubeba kwa mkono mmoja. Hiyo ni ya kukunja pindo la pazia, ukiiwekea blanketi inahama mezani yenyewe. Ya tatu ilishona, lakini nikageuza kipande chini nikaona vitanzi vya uzi vimejaa. Nikamwambia kijana kwa sauti ya mwalimu mkuu, "Vitanzi vikitokea chini, mwanangu, kosa usilitafute kwenye bobini, litafute juu. Uzi wa juu haujabanwa." Akautoa uzi, akanyanyua kiguu, akaupitisha upya, vitanzi vikaisha. Watu wakaanza kusogea kusikiliza. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba.

Ya nne ilikuwa nyeupe, imetumika, kutoka Japani. Uwazi sentimita 22! Meno ya kuvuta kitambaa yanashuka kwa kitufe, kwa hiyo unaweza kuzungusha blanketi utakavyo ukachora maua kwa sindano. Ilikuja na kile kiguu kinachotembea, chenye meno yake kwa juu, kinachovuta tabaka la juu sawasawa na la chini linavyovutwa. Nikaijaribu palepale dukani. Mshono kama umepigwa kwa rula. Nikageuza chini, safi. Nikazungusha gurudumu kwa mkono kusikiliza kama kuna chuma kinagusa chuma. Kimya.

Nilikagua kila kitu isipokuwa kibati cha nyuma.

Mezani kwa yule kijana, chini, kulikuwa na kasha jeusi la chuma linanguruma kama paka aliyeshiba. Waya wa cherehani uliingia humo kwanza, ndipo ukaenda ukutani. Mimi nililiona. Niliweka mkoba wangu juu yake. Lilikuwa na joto zuri na mikono ilikuwa imekufa ganzi, nikaikinga hapo kama jikoni.

Tulipomalizana bei, kijana akauliza kwa adabu kabisa, "Mama, unayo ya kupunguzia?"

Nikamjibu, mbele ya watu wote wale, "Mwanangu, mimi ndiye wa kupunguziwa!"

Kicheko. Kijana naye akacheka, akanitolea shilingi elfu kumi, nikalipa 180,000 na kupanda bajaji nimekumbatia cherehani kama mtoto mchanga. Alikuwa ananiuliza transfoma. Ya kupunguzia umeme. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wetu ni 230. Nyie, nimekuwa nikilirudia lile jibu langu usiku kucha na kujifunika shuka usoni.

Jioni hiyo mama alikuwa amefika kutoka Tukuyu, na wifi alikuja na shoga zake wawili wa kikoba. Nikaona hadhira imetimia. Blanketi lilikuwa tayari limepangwa na kubanwa pini, kila baada ya upana wa kiganja. Cherehani nikaiweka kwenye meza ya kulia chakula. Waya wake una pini mbili bapa, haziingii kwenye soketi yetu, nikachukua adapta ya chaja ya simu ya mwanangu. (Najua. Najua! Adapta inabadilisha umbo la pini tu, volti haizigusi.) Nikawasha. Taa ya cherehani ikawaka nyeupe pee, nyeupe kuliko taa yoyote niliyowahi kuona, halafu "tupa!", ikazimika. Kwa hesabu ya darasani, volti zikizidi mara 2.3, joto la balbu linazidi mara 5. Mimi nikawaambia wageni, "Balbu za mitumba."

Sasa suala la uzito. Blanketi likining'inia ukingoni mwa meza linavuta, sindano inapinda, mishono inaruka. Linahitaji kushikiliwa kushoto na nyuma. Watu huweka meza ya pili. Mimi meza ya pili sina, nikamwomba mama asogeze kiti chake cha plastiki kushoto kwangu, nikamwekea blanketi mapajani. Akafurahi, maana linapasha joto. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni, ncha yake imelala magotini, na blanketi likaja juu ya ile ncha.

Wifi akatoa simu. "Wifi, sema kitu." Nikageukia kamera nikasema, na hii imo kwenye video, neno kwa neno: "Cherehani nzuri ni ile inayokutii."

Nikagusa padeli. Niligusa tu, kwa kidole gumba.

Sekunde ya kwanza: mlio. Hiyo sauti si ya cherehani, ni ya pikipiki inayopanda Igawilo na abiria watatu.

Sekunde ya pili: blanketi linaondoka. Mikono yangu ipo juu yake kama unavyoweka mkono juu ya basi lililokwisha kuondoka.

Sekunde ya tatu: naondoa mguu kwenye padeli. Hakuna mabadiliko. Padeli imeungulia ndani, imeng'ang'ania. Nauinua mguu juu kabisa kuwaonyesha watu kwamba si mimi. Kwenye video mguu wangu unaonekana vizuri sana hewani, na soksi imetoboka.

Sekunde ya nne, mama anasema, "Mwe!" Polepole tu, kama mtu aliyekumbuka kitu. Ncha ya khanga imeingia chini ya sindano pamoja na blanketi. Khanga inavutwa, mama kaishika kiunoni kwa mikono miwili, kiti cha plastiki juu ya vigae kinaanza kuteleza kuja kwangu. Mama mkwe wangu ananijia akiwa amekaa. Tunatazamana. Hana hasira bado. Ana maswali.

Sekunde ya tano napiga kelele, "Zima! Zima umeme!" Soketi iko nyuma ya kochi. Wifi, simu mkono mmoja, anaruka kwenye swichi ya mlangoni na kuzima. Anazima taa ya sebuleni.

Basi ikawa giza, na cherehani inaendelea. Ndani ya mota kuna cheche za buluu, zinamulika uso wa mama kwa vipande vipande, kila kipande yuko karibu zaidi. Harufu ya plastiki. Shoga mmoja wa wifi kaanza kusali. Sekunde ya nane sindano ikafika kwenye pini ambayo nilitakiwa niitoe kabla haijafikiwa, ikapiga "ta!", kile kiguu kinachotembea kikapasuka na kipande kikaruka kikagonga kabati la vyombo. Sekunde ya tisa nikawa nimeng'oa waya.

Kimya. Gizani mkono wangu ukapapasa chini ya sindano, nikagundua hasara, na kwa uchungu wa kweli nikalia, "Jamani, mguu umevunjika!"

Mnaelewa sasa grupu la ukoo lilikotoka.

Taa ikawashwa. Nikapima baadaye: sentimita 43 za mshono, urefu wa mshono mmoja milimita 2.5, ni mishono 172, yote imepita kwenye khanga ya mama, blanketi na shuka. Na niseme ukweli wa kifundi hata kama unaniuma: mshono ulikuwa umenyooka. Nikachukua mkasi. Mama akashika khanga kwa nguvu, akanitazama, akanyoosha kidole kwenye maandishi pale mshono ulipopita.

"Soma."

Nikasoma: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

"Neno la mwisho."

"Sikati, mama."

"Haya."

Nikaweka mkasi chini, nikachukua wembe. Nikamwomba basi aivue khanga, nifumue nikiwa nimeitandika mezani, maana kufumua matabaka manne juu ya magoti ya mtu ni kazi ya mwendawazimu. Akakataa. Nikamwambia nitamletea kitenge ajifunge. Akakataa. Shoga wa wifi akavua mtandio wake akampa. Akakataa, na sasa kwa ukali. Tukadhani ni mshtuko. Ukifumua, kata kila mshono wa tatu upande mmoja, kisha geuza uvute uzi wa upande wa pili unatoka mzima. Hivyo kitambaa hakichaniki. Nikapiga magoti sakafuni nikaanza, nahesabu kimoyomoyo, mama ameishika khanga yake kiunoni kama bendera ya taifa.

Nilipovuta uzi wa mwisho khanga ikaachia ghafla kuliko alivyotarajia, na mkono wake ukaponyoka.

Ndani alikuwa amevaa suruali ya michezo ya mjukuu wake. Sasa hilo si neno, Mbeya hii kila mtu ana siri zake chini ya nguo. Lakini mama huyu ni Yanga. Ni Yanga tangu kabla mume wangu hajazaliwa, jina la Simba halitajwi mezani kwake. Na suruali ile ilikuwa nyekundu, na pajani imechorwa simba.

Wifi hakuwa amezima kamera.

Mengine ni mafupi. Mota imepona, fundi wa redio kabadilisha padeli na balbu. Kibati cha nyuma kimeandikwa 100V kwa tarakimu ambazo hata kipofu angezipapasa. Wati za mota na taa zimo humohumo. Nimejumlisha, nikanunua transfoma yenye zaidi ya mara mbili yake. Ndiyo, kwa kijana yuleyule. Aliponiona akauliza, "Mama, leo unayo?" Kiguu kipya bado natafuta; mwenye nacho, cha shina fupi (shina ni kile chuma kiguu kinapofungwa), anistue.

Kwenye grupu la ukoo hakuna tena anayeulizia mguu wala cherehani. Ujumbe 214 tangu juzi, wote ni suruali. Baba mdogo wa Kyela kapiga tena, safari hii anacheka mpaka anakohoa.

Mama amesema atasamehe kwa sharti. Blanketi la 5 kwa 6, kijani na njano tupu, na lishonwe kwa ile nyeusi ya kukanyaga, yeye akiwa chumba kingine, mlango umefungwa. Nimefua vitenge kwanza vitoe rangi na vipungue kabisa kabla ya kukatwa. Vipande 270, sentimita 13.2 kila upande, 15 kwa 18, kila mshono unakula milimita 6 kwa kila kipande. Ukikosea milimita 1 tu, kwa upana wa vipande 15 blanketi linapungua karibu sentimita 3, kwa hiyo nimebandika utepe kwenye bamba la cherehani uniongoze. Jana usiku kanipitia nikiwa nakata, akainamia lundo, akavuta kipande kimoja cha njano kilichokuwa na ua dogo la rangi ya chungwa iliyokolea.

Akakisogeza kwenye taa. Akakigeuza. Akaniwekea pembeni bila kusema neno.

Vimebaki 269.