Msitoe themostati ya Peugeot 504

Kila fundi niliyempelekea Peugeot 504 yangu kwa sababu ya kuchemsha alianza na dawa ileile: tuitoe themostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto), maji yazunguke bila kizuizi. Wa kwanza nilimkubalia. Kwa miezi kadhaa mshale wa joto ulilala chini, nami nikaridhika, ingawa injini ilinywa petroli zaidi na kila asubuhi ilichelewa kupata moto. Kisha siku moja, nikipandisha kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru na abiria wanne, gari likachemsha vilevile. Aina hii ya gari ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, kwa hiyo sikubali kuambiwa kwamba haiwezi milima yetu.

Kumbe rejeta, inayopoza maji ya injini, ilikuwa imeziba karibu nusu, na mpira wa mfuniko wake ulikuwa umekakamaa hata haushiki tena shinikizo. Mfuniko huo hudharauliwa kwa sababu ni rahisi, lakini kwetu sisi wa nyanda za juu mimi huukagua kabla ya kitu kingine chochote. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuria huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Injini inayofanya kazi kwenye nyuzi 80 na kitu imebakiwa na nafasi ndogo kabla maji hayajachemka, na shinikizo linalozuiwa na mfuniko ndilo linaloipanua.

Themostati yenyewe niliikuta ndani ya kisanduku cha dashibodi, ilikotupwa tangu siku ile. Niliifunga uzi, nikaining'iniza katika sufuria ya maji jikoni bila kugusa kitako, kipimajoto kikiwa pembeni yake. Ukingoni imegongwa namba 82, na karibu na nyuzi hizo ilianza kufunguka taratibu; nilipoitoa majini ikajifunga. Ilikuwa nzima muda wote.

Kuhusu maji, bloku ya 504 ni ya chuma na silinda hedi ni ya aluminiamu, na maji matupu, hasa ya kisima yenye chumvi, huila aluminiamu hiyo na kuacha magamba ndani ya rejeta. Ninachanganya kulanti (dawa ya maji ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji safi ya kuongezea betri (si asidi, tafadhali), ingawa kwetu hakuna barafu, kwa kuwa ninachotafuta ni kinga ya kutu. Ninaibadilisha kila baada ya miaka miwili, injini ikiwa baridi kabisa, nikifungua pia tundu la bloku, ambalo wengi hulisahau na ambako ndiko tope zito hukaa. Kulanti ya zamani hukingwa kwenye beseni na kufunikwa, maana ni tamu na mbwa akiinywa hufa.

Kujaza kunataka subira. Hita iwe wazi, kulanti imiminwe polepole, injini iachwe ingurume bila mfuniko mpaka mpira wa juu wa rejeta (bomba la maji yatokayo kwenye injini), uliokuwa baridi mkononi, upate moto ghafla. Hapo themostati imefunguka, na kulanti hushuka kidogo. Ongeza iliyopungua, kisha funga.