Kusafisha meno ya mbwa na paka bila nusukaputi: hofu ya haki, dawa isiyofika

Jimboni California, mwenye mbwa ambaye meno yake yameganda ukoga ana njia mbili. Anaweza kumpeleka hospitali ya wanyama, apewe nusukaputi, apigwe eksirei ya meno, akwanguliwe na kung'arishwa. Bili ni mamia ya dola, na mara nyingine hupita elfu. Au anaweza kulipa fedha kidogo zaidi kwa watu wanaomshika mbwa akiwa macho, wakamkwangua kwa chuma na kumrudisha kwa mwenyewe papo hapo, meno meupe. Wengi huchagua hii ya pili, na sioni haki ya kuwaita wajinga.

Nusukaputi huua, ingawa kwa nadra. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia zaidi ya mbwa 98,000 na paka 79,000 waliopewa dawa za usingizi au za kutuliza. Vifo vilikuwa takribani 17 kwa kila mbwa 10,000, na 24 kwa kila paka 10,000. Kwa mbwa wenye afya hesabu ilishuka hadi 5 tu, lakini kwa wagonjwa ilipanda hadi zaidi ya 130. Na wanaosumbuliwa zaidi na meno ni wale waliokwisha kuzeeka. Anayeogopa kumlaza mbwa wake wa miaka 13 anaogopa kitu cha kweli.

Tatizo ni kwamba ukoga unaoonekana si ugonjwa wenyewe. Kinachoangusha meno ni utando wa bakteria unaojipenyeza chini ya fizi, ukala nyuzi na mfupa unaoshika mzizi. Huko chini daktari hufika kwa kijiti chembamba cha chuma, akipima kina cha fizi jino kwa jino, na mbwa ana meno 42, paka 30. Hakuna mnyama aliye macho atakayetulia achomwe kuzunguka kila jino ambalo tayari linamuuma. Eksirei nayo hutaka kibao cha kunasia picha kikae kinywani bila kutikisika. Kwa hiyo anayekwangua mnyama aliye macho husafisha sehemu inayoonekana, ambayo ndiyo isiyo na madhara makubwa. Asipong'arisha vizuri, chuma huacha mikwaruzo ambayo utando mpya huishika upesi.

Paka ndiye anayenihuzunisha zaidi. Wengi wao hupata ugonjwa ambao jino hujila lenyewe, mara nyingine kuanzia mzizini, kwa maumivu makali, huku paka akiendelea kula kana kwamba hana lolote.

Watetezi wa kusafisha bila nusukaputi wana hoja moja yenye uzito. Sheria ya California inawaruhusu wa saluni za mbwa kutumia mswaki, pamba, uzi wa meno na dawa ya meno, lakini chuma cha kukwangulia ni kazi ya daktari wa wanyama au msaidizi anayesimamiwa naye. Basi, wanasema, daktari akague kwanza, wenye ukoga mwepesi wasafishwe macho wazi, wagonjwa wapelekwe kwenye nusukaputi. Ningeikubali hoja hii kama jicho lingetosha kuchuja. Halitoshi. Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwapiga eksirei ya kinywa kizima wanyama waliopelekwa kwao kwa matibabu ya meno. Hata kwenye meno yaliyoonekana mazima, walikuta tatizo la maana kwa asilimia 27.8 ya mbwa na asilimia 41.7 ya paka. Tangu 2013, chama cha hospitali za wanyama cha Marekani, AAHA, kimezitaka hospitali zenye ithibati yake zifanye kazi ya meno kwa nusukaputi, mrija ukiwa kwenye koo la hewa ili maji na uchafu visiingie mapafuni. Naona kimefanya sawa.

Madhara makubwa, kwangu, ni ule weupe. Mwenye mbwa huona meno safi, akaahirisha matibabu mwaka, miwili, huku taya likiliwa.

Ila madaktari nao wasitoroke swali la usalama. Utafiti uleule wa Uingereza ulionyesha kuwa karibu nusu ya vifo vya mbwa, na zaidi ya asilimia 60 ya vifo vya paka, vilitokea baada ya kazi kumalizika, vingi vikiwa ndani ya saa tatu za mwanzo. Kabla ya kulipa, uliza: damu itapimwa? Nani atamwangalia wakati amelala, na nani atakaa naye hadi asimame? Hospitali isiyo na jibu, hamia nyingine. Nyumbani, mswaki wa kila siku huondoa utando kabla haujawa mgumu, na ugumu huo huanza ndani ya siku chache. Dawa ya meno iwe ya wanyama, maana baadhi ya zetu zina ksailitoli, kitamu cha badala ya sukari ambacho ni sumu kwa mbwa.

Mbwa mzee mwenye moyo mbovu ndiye mtihani wa kweli. Huyo moyo wake upimwe kwanza. Jibu linaweza kuwa nusukaputi fupi ya kung'oa meno yaliyooza tu, au kumwacha na kumtuliza maumivu kwa dawa. Kumkwangua akiwa macho hakumsaidii, kwa sababu ni yeye hasa ambaye ugonjwa wake umeshashuka mizizini.