Uholanzi ilipoteza mashindano, haikupoteza tenisi

Watu wa nyumbani Kenya wanadhani huku Ulaya mambo hayafi. Yanakufa, tena bila matanga. Mashindano ya wazi ya Uholanzi ya wanaume, yale ya kiwanja cha udongo, yalianza mwaka 1957 mjini Hilversum. Mhungaria Balázs Taróczy aliyatwaa mara sita, tano kati ya hizo mfululizo, 1978 hadi 1982, mpaka unajiuliza wenzake walikuwa wakifuata nini. Mwaka 1995 yakahamia Amsterdam, 2002 yakahamia Amersfoort.

Huko Amersfoort, Julai 2006, kijana Mserbia wa miaka 19 aitwaye Novak Djokovic alimfunga Nicolás Massú wa Chile kwenye fainali na kubeba taji lake la kwanza la ATP, chama kinachoendesha mashindano ya tenisi ya kulipwa ya wanaume duniani. Ungetegemea hilo liyape mashindano uhai wa miaka hamsini. Wapi! Mwaka 2008 Mhispania Albert Montañés akawa bingwa wa mwisho. ATP ilipopanga upya ngazi zake mwaka 2009, Amersfoort haikuwamo. Wakati wake wenyewe ulikuwa mgumu: Wimbledon imetoka kwisha, na mwezi huo huo mashindano ya miji mingine ya Ulaya, Gstaad, Båstad na Umag, yanagombania wachezaji wale wale wa udongo.

Sasa nenda kwenye klabu yoyote ya mtaani huku Uholanzi jioni ya kiangazi. Viwanja vyekundu vya matofali yaliyosagwa vimejaa watoto. Wanachama wanalipa ada, wanapokezana zamu ya kuuza vinywaji, na ukimaliza kucheza unafagia kiwanja mwenyewe, uwe daktari au dereva wa lori. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomtegemea mdhamini wa Amersfoort.

Kwetu ni kinyume. Mdhamini akiondoka, anaondoka na kocha, mipira na wavu. Nairobi ina viwanja vizuri vya udongo, lakini vingi viko nyuma ya mageti ya klabu za wenye nazo, na mtoto wa mtaa huingia kama muokota mipira. Mchezaji wetu Angella Okutoyi, aliyelelewa na nyanya yake, alilazimika kwenda kufanyia mazoezi Morocco. Mwaka 2022 akashinda Wimbledon ya vijana, wasichana wawili wawili, na mwenzake akawa nani? Rose Marie Nijkamp, Mholanzi. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Sisemi huku ni peponi. Mtoto asiye na mzazi wa kumlipia ada haingii kirahisi, na sijaona mtu akimwazima raketi mtoto asiyemjua. Nyumbani nimeona hilo mara nyingi, na sitaki lipotee.

Ila nikisikia wenzangu wakiidai serikali ilete mashindano makubwa ya ATP Nairobi, nashindwa kushangilia. Wiki moja ya mabango, hoteli na wageni mashuhuri, halafu? Fedha hizo ningeanza nazo Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi: viwanja vinne vya udongo bila geti, na mtu wa kulipwa kila mwezi avimwagilie maji, maana udongo usipopata maji hugeuka vumbi tupu kabla msimu haujafika nusu.