Saa ya Mama Haikukosea

Mama alishika penseli kama anavyoshika sindano ya kofia, karibu na ncha, akachora duara. Akapanga nambari polepole: 12 juu, 6 chini, kisha akajaza za katikati. Kijana wa utafiti akamsomea kutoka kwenye karatasi: "Sasa bibi, weka akrabu zionyeshe saa kumi na moja na dakika kumi." Mama akaweka akrabu fupi kwenye 5, imepita kidogo, na ndefu kwenye 2. Kijana akatia alama ya kosa.

Nilikuwa nimekaa nyuma yao, nimeambiwa ninyamaze, lakini hapo nilishindwa. Saa kumi na moja kwa mtu wa Kibokoni, hapa Mombasa, ni alasiri imeshaswaliwa na magharibi yaja, na akrabu fupi iko kwenye 5. Walioandika zoezi lile kwa Kiingereza walitaka ikae kwenye 11, nasi hiyo twaiita saa tano. Aliyetafsiri alihamisha nambari akaisahau saa yenyewe. Mama yangu wa miaka 71 alikuwa karibu kuandikwa kwamba ubongo wake unapwaya, na kosa lake ni kujua saa kwa Kiswahili.

Tangu tukubali kushiriki kwenye utafiti ule wa kumbukumbu za wazee, majirani waniuliza kwa nini nimempeleka mama "kufanyiwa majaribio". Nawajibu kwa kisa hiki. Vipimo na dawa za ugonjwa wa kusahau vimepimwa kwa vichwa vya watu wengine, na sisi tusipokaa mbele ya karatasi zile, hakuna atakayejua kwamba zimekosea.

Chukua MoCA, kipimo cha akili na kumbukumbu chenye zoezi kama lile la saa, kilichotoka Montreal, Kanada, kikachapishwa mwaka 2005 na sasa chatumika dunia nzima. Kina alama 30, na aliyesoma miaka 12 au pungufu huongezewa alama moja. Moja tu! Mama alihitimu Qurani, akaenda skuli hadi darasa la nne, na mpaka leo anashona kofia ya vito bila kukosea hesabu ya tundu. Lakini wiki iliyopita alisahau birika jikoni likaungua kitako, na mwezi uliotangulia aliniita kwa jina la shangazi yangu aliyefariki. Nataka kipimo kinachoweza kutofautisha mambo haya, kisichomwona mgonjwa kwa sababu hakusoma, wala mzima kwa sababu mikono yake bado inakumbuka.

Kwenye dawa pia hatumo. Lecanemab, dawa ya Alzheimer, ambayo ni aina moja ya ugonjwa wa kusahau, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, ilijaribiwa kwa watu 1,795 kwa miezi 18 Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Asia. Afrika haimo. Dawa yenyewe hupunguza tu kasi ya ugonjwa, na huweza kuleta uvimbe au kuvuja damu kwenye ubongo, kwa hivyo mtu hupigwa picha za ubongo mara kwa mara. Mwili wa mzee wa Pwani utaipokea vipi, mwenye presha na sukari juu yake? Ataweza kutujibu nani, ikiwa hakuna mzee wetu aliyeshiriki?

Na tulipohesabiwa, faida ilionekana. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya kufuatilia wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Waliopata Alzheimer kila mwaka walikuwa asilimia 1.15 Ibadan na asilimia 2.52 Indianapolis. Tofauti hiyo iliwalazimisha wataalamu kuuliza maswali mapya kuhusu chakula, mishipa ya damu na maisha. Wazee wa Ibadan ndio waliofungua mlango huo.

Hofu za majirani naziheshimu. Damu yaenda wapi? Nani aona majina? Fomu ya ridhaa niliisoma kwa sauti ukumbini siku mbili baada ya isha, mama amekaa kitandani na tasbihi yake. Aliuliza kama atapewa dawa ya kweli au kidonge kitupu, nikamweleza kwamba utafiti wetu hauna dawa, ila kwenye ule wenye dawa mtu hupangwa kwa bahati nasibu na mara nyingi hata daktari hajui nani kapata nini. Akauliza nani atamtibu akidhurika. Swali hilo asiache mtu yeyote kuliuliza, na jibu alione kwa maandishi. Uliza pia barua ya kamati ya maadili, na kama ni dawa, idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya. Asiyetaka kukuonyesha, ondoka.

Kisha mama akasema, "Nikisema leo naam, kesho nikikataa wasinishike." Hiyo ndiyo haki yenyewe. Na siku akili yake ikizidi kupungua, nikiwa mimi ndiye natia sahihi kwa niaba yake, bado akigeuza uso au kuvuta mkono wake tutarudi nyumbani. Sitaki mtu anifundishe vingine.

Nauli waliyotupa ilitosha tuktuk kwenda na kurudi na maji ya kunywa. Naona ni sawa. Ingekuwa pesa nyingi, ningekuwa namuuza mama.

Lile kosa la saa kijana aliliandika pembeni ya karatasi, akalipeleka kwa mkubwa wake. Hakukasirika, wala hakunifanya mjinga. Tuliporudi baada ya miezi minne karatasi ilikuwa mpya, imepita tena kwenye kamati. Akasoma: "Bibi, weka akrabu zionyeshe saa tano na dakika kumi, asubuhi." Mama akatazama duara lake kitambo, akaweka ndefu kwenye 2, fupi kwenye 11, akamrudishia penseli.