Dabi tumeiangalia kwa tochi

Haya jamani, kwa vile shemeji yenu ameshairusha ile klipu kwenye grupu la ukoo na leo asubuhi nimeikuta mpaka kwenye status ya muuza chipsi, acheni niseme mwenyewe. Kwanza niweke sawa, TV haikuzima. Ingezima ningeshukuru Mungu.

Mnajua nilivyoitangaza. Brandi ya Kijapani, ile ile ya chogo la marehemu mzee, lililoanguka mezani, likamwagiwa uji, likapigwa makofi miaka na miaka na bado taarifa ya habari ya saa mbili tunaangalia. Mangi wa hapa mtaani ana flati ya brandi ambayo hata kuitamka ni kazi, nilikuwa namuuliza "Mangi, hiyo ni TV au picha ya TV?" Nimemcheka sana yule baba. (Skrinishoti mnazo, tulieni.)

Siku ya dabi nikajaza watu sebuleni. Baba mkwe yupo, kaja kutoka Tanga, Simba damu. Mimi Yanga, mnanijua. Nikazima taa kwa mbwembwe, "Mzee, hii uione gizani ndo utaijua rangi yake."

Sasa sikieni. Faulo, nje kidogo ya boksi. Ukuta umepangwa, mpigaji anarudi nyuma hatua moja, nyingine, anapangusa jasho, refa anaweka filimbi mdomoni... PAP. Giza totoro, ila sauti ipo! Mtangazaji anaendelea zake, "anauangalia mpira," sisi tunaangalia giza. Nabonyeza rimoti, sauti ndo inazidi kupanda. Mara uwanja mzima ukalipuka, goooo, mtangazaji kapagawa hata mfungaji hamtaji, mimi kwa akili zangu nikajua ni sisi, nikaruka nikamkumbatia mtu wa kwanza niliyemgusa, "tumewachinja makolo hawa!" Mtu mwenyewe ana kikombe cha chai. Mtu mwenyewe kavaa kanzu. Kimya kidogo, halafu taratibu sikioni, "Mkwe, tumefunga sisi."

Chai ya moto inashuka katikati yetu na hamna aliyeachia.

Ndipo mtoto wa jirani akamulika tochi ya simu kwenye kioo, na wallahi picha ikaonekana! Hafifu, ila wachezaji wapo, wanashangilia, pale pale tochi inapogusa tu. Mzee akachukua uongozi: "Mmoja amulike kipa, mmoja aufuate mpira, wewe mkwe kaa kona flegi." Klipu inaanzia hapo, watu wazima tumepiga magoti mbele ya TV kama tunaiombea, na kila mpira ukipigwa juu tochi zote zinaupoteza.

Fundi wa Kariakoo hata hakukaa chini. Kioo kizima, kilichokufa ni baklaiti, zile taa za LED za nyuma zimeungwa kwa mstari, ikiungua moja wenzake wote wanagoma. Akageuza akanionyesha maandishi madogo ya nyuma, jina la kukodi, mtengenezaji mwingine kabisa. Nikabisha, akacheka, ndo mambo ya siku hizi bosi, biashara ya TV za Toshiba ilienda kwa Hisense 2018, Philips wengi wanaozijua za Ulaya zinatengenezwa na TP Vision tangu 2012. (Hao mfano tu, yangu sio hata mojawapo, jina nalificha, nina aibu zangu.) Waranti? Dukani wamesema "umeme wa kwenu huo." Mzee karudi Tanga, kanzu imebaki kwa dobi.

Chogo la mzee? Usiniulize. Nilimpa Mangi bure aweke stoo, na nasikia linawaka.

Mwenye kumjua anayeuza baklaiti za inchi 43 aje inboksi. Anayekuja kucheka apite kimya kimya, na wewe wa Simba nakublok.